Ticha nishamaliza

Mwalimu yeyote wa praimari anaijua hii. Umeandika maswali 10 ya kugawanya ubaoni, umegeuka kupangusa chaki mikononi, hata kiti hujakigusa, wasikia sauti kutoka dawati la tatu, "Ticha nishamaliza!" Na wenzake 50 bado wanapiga mstari wa pambizoni, wengine kalamu hawana, mmoja ametoka kwenda kuazima rula darasa la pili na leo harudi.

Sasa huyu aliyemaliza utamfanya nini? Naliuliza kama mtu aliyelifeli swali hili miaka na miaka, mimi si mtaalamu wa chochote. Nilifunza miaka 9 upande wa Kisauni, hapa Mombasa, kabla sijaacha kazi, siku hizi nafunza watoto wa mtaa jioni kwenye baraza ya nyumba yetu, kwa hivyo nikisema walimu twakosea hapa nahesabu mimi wa kwanza.

Nilikuwa na kijana mmoja Gredi 4, tumwite Saidi, si jina lake. Mwembamba, kola ya shati imeachana, mfukoni hakukosi mabuyu. Hesabu alikuwa akizitafuna kama hayo mabuyu yake. Nikimpa 10, dakika 6 amemaliza, zote tiki. Nikamwongeza 10. Akamaliza. Nikamwongeza 20, za aina ile ile, tarakimu tu ndizo zimebadilika, na moyoni nikajiona mwalimu hodari anayemjali mtoto mwenye kichwa chepesi. Wiki ya pili hivi Saidi akaanza kupunguza mwendo. Wiki ya tatu akawa anamaliza pamoja na wenzake, ya nne anamaliza na wale wa mwisho kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi, nikasema afadhali mtoto ametulia. Mpaka siku moja nikapita nyuma yake taratibu nikakuta majibu yote 10 ameshayaandika kwa penseli, vijimaandishi kama sisimizi, kwenye kona ya ukurasa, na yeye yuko ukurasa wa nyuma anachora tuktuk. Tuktuk nzuri wallahi, ina nambari, ina taa, dereva ametoa kichwa nje anagombana na mtu. Nikamuuliza, mbona huleti daftari? Hakushtuka hata. Akanambia, "Ticha, ukileta mapema waongezwa."

Waongezwa! Mtoto wa miaka 10 alikuwa ameshanisoma. Mwezi mzima nimemfunza kwamba wepesi ni kosa na adhabu yake ni kazi zaidi, na somo hilo akalishika vizuri kuliko kugawanya kwenyewe.

Na usidhani ni mimi peke yangu. Pita shule zetu, za serikali na za kulipia, utakuta dawa ya kwanza ya mtoto mwepesi ni hiyo, kumwongeza. Ya pili ni kumfanya mwalimu mdogo, na hapa mara nyingi ni msichana, yule mtaratibu mwenye mwandiko mzuri. Asahihishe madaftari, aandike majina ya wapiga kelele, apeleke rejista ofisini, amshike mkono yule asiyejua kusoma. Mzazi akija siku ya mkutano waambiwa "mwanao ni mkono wangu wa kulia" na mama anatoka pale anaelea. Sikatai kwamba kumfunza mwenzako kuna faida, kitu ukikieleza ndipo unapokijua, lakini hiyo ni mara mojamoja. Mimi niliwahi kuwa na binti aliyesahihisha madaftari muhula mzima, na nikijiuliza leo alitoka na nini mle darasani, alitoka na tiki nzuri. Alijua kuipinda mkia.

Ya tatu, kumrusha darasa, siku hizi haifanyiki sana na sina maneno mengi nayo. Kuna watoto iliwafaa. Lakini mtoto wa miaka 8 ukimweka na wa miaka 10, wiki ya tatu atakuwa anamaliza kwanza huko pia, na sasa hana hata wa kucheza naye riseso.

Zote tatu zina kasoro moja: zinabadilisha kiasi cha kazi, au mahali pa kukaa, na ile kazi yenyewe inabaki ile ile. Mtoto aliyekwisha kujua kugawanya hana haja ya kugawanya zaidi. Yuwataka kitu ambacho jibu lake halimo kurasa za nyuma za kitabu. Na ikiwezekana, halimo kichwani mwa mwalimu pia. Hapo ndipo wengi wetu tunapotoka jasho.

Kuna profesa mmoja wa Marekani, Joseph Renzulli, wa chuo kikuu cha Connecticut, ambaye mwaka 1978 alisema jambo ambalo mimi naliona lina akili kuliko mengi niliyosoma juu ya watoto hawa. Alisema kipaji si maksi. Kipaji ni vitu vitatu vikikutana kwa mtu mmoja, uwezo uliopita wastani (si lazima uwe wa miujiza), ubunifu, na kule kung'ang'ania kitu mpaka kiishe. Na utaratibu wake wa darasani una mpango ambao ukiutazama ni wa busara sana, manake hatua ya kwanza ni ya watoto wote. Waletee wote kitu kisichokuwa kwenye silabasi, mgeni, safari, kifaa, swali. Kisha wafunze namna ya kuchunguza, kuuliza, kupima, kuandika walichokiona. Halafu wale ambao kitu kimewashika, hao ndio uwaache waende nacho mbali, wakifanye kiwe kazi ya kweli ya mtu wa kweli. Yaani huanzi kwa kumchagua mtoto ndipo umpe kazi. Unaitupa kazi kati, halafu watazama nani kaidaka.

Mimi wakati ule Renzulli simjui. Nilikuwa nimekasirishwa na ile tuktuk tu. Nikatafuta swali ambalo Saidi hatalimaliza kwa dakika 6, na sikwenda mbali, nikaandika pembeni mwa ubao: LEO MAJI YATAJAA SAA NGAPI? NA KESHO?

Darasa likacheka. Mombasa ni kisiwa, watoto hawa bahari wanaiona wakipita Daraja la Nyali, Ijumaa wanaogelea, lakini swali la namna hiyo shuleni hawajawahi kuulizwa, wameulizwa mji mkuu wa nchi ambazo hata mimi sijui ziko upande gani. Nikawaambia mwenye nafasi atazame, au aulize wavuvi, alete saa. Jumatano walioleta walikuwa 9. Wiki ya pili wamebaki 4: Saidi, ndugu wawili watoto wa mvuvi, na msichana mmoja ambaye siku zote za maisha yake hajawahi kusema ticha nishamaliza. Kwenye hesabu, kadi yake ya muhula ilikuwa ikisoma "kukaribia matarajio". Huyu, tumwite Mwanasha, alikuja na ukurasa mzima ameupiga jedwali, siku, saa ya kujaa, saa ya kupwa, na kwenye mstari wa mwisho kila siku amechora mwezi ulivyokuwa jana usiku. Hakuna aliyemwambia achore mwezi. Mjombake ni mtu wa pweza, hwenda mwambani na mkuki wake, na Mwanasha alikuwa akimfuatafuata.

Ni yeye aliyeona kwanza kwamba maji kila siku yanachelewa kama dakika 50. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba ruhusa ya kwenda choo. Na hapo Saidi akaamka. Ukipenda kuona mtoto mwepesi akifanya kazi, basi ndiyo siku ile, alikuja ubaoni bila kuitwa akachukua chaki mkononi mwangu. Akasema kama kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, mara mbili ni saa 24 na dakika 50, kwa hivyo ile 50 ndiyo hiyo. Halafu akauliza mwenyewe, je itachukua siku ngapi mpaka kuchelewa huko kutimie saa 12 kamili, ili maji yajae tena saa ile ile ya kwanza? Saa 12 ni dakika 720, gawanya kwa 50. Siku 14 na kitu. Na kugawanya huku hakuna aliyemwongeza.

Mwanasha akasema ndiyo maana. Ndiyo maana mjomba siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kila mara hwenda mwambani asubuhi, saa nne hivi maji yamekimbia mbali kabisa, na bamvua huja na mwezi mchanga kisha mwezi mpevu, kama wiki mbili mbili. Ukiziweka pamoja zile siku 14 za Saidi na miezi ya Mwanasha waona kwa nini bamvua hazikupi saa mpya kila zikija, maji hupwa wakati ule ule wa asubuhi, na wavuvi wote wa pwani hii wanalijua hilo bila kuligawanya kwa 50. Nilisimama pale nikajiona mdogo.

Na kisha mmoja wa wale ndugu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akatupa jiwe: "Ticha, mwezi ni mmoja, mbona maji yajaa mara mbili?"

Sikujua. Na diploma yangu yote, sikujua. Kuna njia mbili hapo, moja ni kusema "hiyo mtasoma sekondari", na nimeitumia njia hiyo zaidi ya mara mia nikiwa mkweli. Siku ile sijui nini kilinipata nikasema sijui, tutafute. Darasa likanyamaza kabisa, hata wale wa nyuma. Ilituchukua siku 3, na chungwa, na kitambaa kimeroweshwa maji, mpaka ikaeleweka kwamba mwezi unayavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia, na dunia nayo unaivuta kuliko yale maji ya upande wa pili yaliyo mbali, kwa hivyo maji yanatuna huku na huku na sisi tunapita kwenye matuno yote mawili dunia ikizunguka. Gharama ya zoezi zima ni chaki na chungwa moja. Na chungwa lililiwa.

Sasa kinachonichekesha ni kwamba sisi wa Mombasa mambo haya tunayo tangu mababu, ila tunayaacha nje ya geti la shule kama viatu. Saidi huyo huyo akitoka shule, akila, alikuwa hwenda chuoni, yaani madrasa. Kule hakuna kitu kinaitwa darasa zima tumefika ukurasa wa 42. Kila mtoto ana mahali pake. Mmoja yuko alifu bado anapindua ulimi, jirani yake yuko Juzuu Amma, mwengine amehitimu amerudi kuanza kuhifadhi, wote mkeka mmoja, maalim mmoja. Anaita mmoja mmoja, soma, anasikiliza, ukipata unasogezwa mbele pale pale, hukupata unarudishwa hapo hapo, na hakuna anayeona ajabu mtoto wa miaka 8 kumpita wa miaka 12. Aliyemaliza kusoma haambiwi asome sura ile ile mara 20 ili asisumbue. Anaingizwa tajwidi, zile kanuni za kutamka, anaingizwa hifdhi, yaani kuhifadhi kwa moyo, baadaye tafsiri, yaani juzuu ni zile zile 30 lakini kila akirudi anachimba chini zaidi. Sasa si ndicho hicho maprofesa wanachotuandikia?

Sisemi chuo ni pepo. Fimbo twazikumbuka, na kuna watu wazima walihitimu hawajui maana ya neno walilolisoma. Lakini kwa hili moja, la kila mtoto kwenda mwendo wake huku wote wako pamoja, maalim wa Kibokoni asiye na cheti cha serikali anatupita sisi wenye vyeti ukutani.

Tatizo la pili ni kwamba hatujui kuwaona. Tukisema mtoto ana kipaji tunamaanisha ana maksi, na maksi zenyewe ni za Kiingereza. Mtaala unasema Gredi 1 mpaka 3 mtoto afunzwe kwa lugha ya pale anapoishi, akifika Gredi 4 mambo yanageuka Kiingereza, sasa mtoto wa Mtongwe aliyelelewa kwa Kidigo, au wa Mishomoroni ambaye nyumbani ni Kigiriama, mwaka huo anaonekana amekuwa mzito ghafla. Hakuwa mzito. Ameulizwa hesabu kwa mlango asiokuwa na ufunguo wake. Mwanasha alikuwa hivyo. Ningefanya mtihani wa kuchagua watoto wa kikundi maalum, Saidi angeingia na Mwanasha angebaki nje, na lile jedwali lisingekuwepo.

Na hata wakubwa wa kupima akili waliwahi kuaibika. Lewis Terman, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alianza mwaka 1921 kutafuta watoto wenye akili nyingi California awafuatilie maisha yao yote. Kati ya waliopimwa wakaonekana hawafiki kiwango walikuwepo William Shockley na Luis Alvarez. Shockley akapata Nobeli ya fizikia mwaka 1956, Alvarez 1968. Na wale aliowachagua mwenyewe, kama elfu moja na mia tano, hakuna hata mmoja aliyeipata. Mimi hadithi hii huipenda kuliko inavyostahili, lakini kila nikitaka kuandika orodha ya "watoto wangu wakali" naikumbuka.

Karibu zaidi na kwetu kuna Erasto Mpemba, wa Tanzania. Alikuwa sekondari, si praimari, sawa, lakini nivumilie. Mwaka 1963 huko Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa na sukari, wanaacha yapoe ndipo yaingie friza. Nafasi ya friza ilikuwa haba, Mpemba akaingiza yake ya moto hivyo hivyo. Ikaganda kabla ya ya mwenzake iliyoingia baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaja kuuliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaishika hiyo ikawa utani, kosa lolote lake ni "hesabu ya Mpemba". Mpaka alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wenzake wanaomcheka akauliza swali lile lile, na Osborne, badala ya kumcheka, akarudi Dar akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kwa nini hutokea na kama hutokea kila mara. Tofauti ya Osborne na wale walimu wawili sidhani ilikuwa elimu peke yake. Yule alikubali kwenda kutazama.

Kwenye makaratasi tuko vizuri lakini. Sera ya elimu ya mahitaji maalum ya mwaka 2009 iliwahesabu watoto wenye vipaji kuwa na wao ni wenye mahitaji maalum. Mtaala huu mpya ulioanza nchi nzima 2019 una umilisi 7, ndani yake kufikiri kwa kina, ubunifu, kujifunza kujifunza, maneno matamu. Kisha nenda saiba yoyote ya Kongowea Jumapili saa mbili usiku uone projekti za watoto zinafanywa na nani. Ni mama amejifunga leso anamwambia kijana wa kompyuta "hebu nitolee picha za wanyama wa mwituni, za rangi, kesho asubuhi yatakiwa". Mtoto mwenyewe amelala kwenye benchi. Na kadi ya muhula ikija inasema "amezidisha matarajio". Haya, amezidisha. Sasa kama ameyazidisha kutoka Gredi 1, mbona matarajio yamekaa pale pale?

Najua la kunijibu, nimejijibu mwenyewe mara nyingi. Darasa lina watoto 60, wewe waniambia nikashughulike na wanne? Na wazazi watasema twabagua. Na kuna mtihani wa Gredi 6 unakuja.

La ubaguzi ndilo lenye uzito, na jibu langu ni lile swali la maji: liliwekwa ubaoni kwa wote, hakuna aliyeitwa pembeni akaambiwa wewe una akili. Kikundi kilijichuja chenyewe na kesho kukiwa na swali jengine kinajichuja upya, kinatoka na watu wengine. La idadi, kusema kweli mtoto mwepesi aliyepewa kazi ya kumshika anapunguza kazi yako, yule unayemwongeza au unayemwacha achore tuktuk ndiye anakumaliza. Na la mtihani kuna mbinu moja ndogo ambayo walimu wengi duniani wanaitumia, nami huifanya hapa barazani. Kwenye yale maswali 20 chagua 5 magumu zaidi, sema anayetaka aanze na hayo. Akipata 4 kati ya 5 basi zilizobaki amesamehewa, amekwisha kuonyesha anajua. Muda wake uliobaki ni wake na swali la pembeni. Hajaongezwa, amepunguziwa, na hiyo ndiyo tofauti yote, manake sasa kumaliza mapema kuna tamu yake. Onyo tu: kuna watakaorukia yale 5 kwa sifa wakayakosa yote, waache, nao wanajifunza kitu.

Na usiniambie maswali ya pembeni yanataka vitabu vya kutoka ng'ambo. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, yule malenga wa zamani, watu hapa walikuwa wakitukanana kwa beti zilizopimwa. Muhula uliopita niliwapa mshororo wa mizani 8 kwa 8, nikawaambia atakaye amalizie, vina visivunjike. Mtoto mmoja wa Gredi 5 anayevuka feri kila siku kutoka Likoni akaniletea hivi:

Feri inapoondoka, watu wote hunyamaza,
Maji chini yanacheka, nami macho nakodoza.

Hesabu mizani kama hunisadiki. Na ikazuka vita barazani, kwa nini "mtu" ni mizani mbili na "mwezi" nayo mbili, wakati "mwezi" ina herufi nyingi? Nusu saa watoto wanapiga makofi kila mmoja anasema neno lake, m-tu, mwe-zi, m-to, mwa-na, mpaka jirani akatoka kuuliza kuna harusi? Hapo kuna sarufi ambayo ningeifunza kwa kitabu wangelala.

Jambo la mwisho kisha niende zangu, nina mbaazi jikoni. Mwezi uliopita niliwaletea bao. Hatukuwa na bao la mbao, tukachukua trei ya mayai, lakini trei ina mashimo 30 na bao la Kiswahili lina 32, safu 4 za 8, kwa hivyo wakaamua wenyewe kuchimba chini uwanjani, na kete ni komwe 64. Nilichotaka mimi ni wafanye hesabu ya kichwa, namna ya kutabiri kete yako ya mwisho itaangukia wapi kabla hujaichukua. Wengi walicheza tu, wakafurahi, basi. Lakini kuna msichana wa miaka 9 aliyekaa kando hachezi, anatazama wengine wakitakata, yaani kete zinazunguka, zinazunguka, zinaangukia shimo lenye kete zinachukuliwa tena. Akanivuta buibui. "Ticha, yaweza kutokea zikazunguka zisisimame kabisa? Milele?"

Nikamwambia sijui, siku hizi hilo neno halinipi taabu tena. Jioni yake nikampeleka kwa wazee wanaocheza pale karibu na msikiti. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, akaulizwa ana shida gani, akalirudia swali lake. Mmoja akacheka akasema mwanangu, mimi miaka 50 nacheza, kila mchezo huisha. Mwengine akasema ngoja, usiseme hivyo, kuna siku moja pale Makadara... wakaanza kubishana. Na yule wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno, akazikusanya kete zote, akaanza kuzipanga polepole, shimo moja baada ya jengine, mtoto ameinama pembeni yake anamhesabia.